Mwalimu na Cheo cha Khatun

Ukiwauliza watu wa mtaa wetu hapa Al Khoudh, Muscat, watakwambia Mwalimu alikuwa mpole, hana baya na mtu. Ni kweli. Lakini mimi nilimnunia miaka kumi na moja, nyumba yake ikitazamana na yetu, na nadhani mtu aliyenuniwa muda wote huo anastahili kusemwa pia na aliyemnunia. Wenzangu walikwisha kumsifu matangani, wengine kwa machozi. Sasa zamu yangu.

Nilimnunia kwa sababu ya karatasi moja. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeposwa na mtu niliyemtaka, na kwa ami yake yule mtu lilikuwa limebaki swali moja tu. Muscat nzima, aliyeweza kulijibu kwa maandishi yakaaminiwa ni Mwalimu peke yake. Aliandika, na sikuolewa. Nitafika huko, lakini kwanza nataka mumjue, maana bila kumjua mtamwona katili, na katili hakuwa.

Baba yake nani na kabila lake lipi, siyasemi. Yeye mwenyewe akiulizwa asili yake alikuwa akijibu, "Mie wa nyumba ya pili baada ya msikiti." Katika mji ambao mtu anataka kujua ukoo wako kabla hujapoa kwenye kiti, jibu hilo lilikuwa ufidhuli mtupu. Alilitoa kwa tabasamu na watu wakalimeza. Ninachojua ni kwamba alikulia Unguja, kwamba baada ya mapinduzi alipelekwa Tashkent kusomea kilimo cha pamba, na kwamba pamba ilimshinda katika muda wa wiki mbili. Akahamia kwenye lugha. Alirudi na Kirusi, Kiuzbeki, shahada kubwa ambayo hakuitumia hata siku moja mbele ya jina lake, na koti zito la sufi lililokaa kabatini Muscat miaka arubaini bila kazi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kufasiri barua katika wizara moja, halafu kufundisha. Kazi ya moyo wake ilikuwa neno moja, au tuseme mawili, bwana na bibi: khan na khatun. Khan ni mfalme wa Waturuki wa zamani, hilo kila mtu analijua. Khatun ni mkewe, malkia. Mwalimu alianza kuvitafuta vyeo hivi tangu yuko Tashkent, alipomsikia mama mmoja sokoni, muuza vitunguu, anaitwa khatun na mteja wake. Alikuwa ametoka kusoma darasani kwamba neno hilo limechongwa juu ya mawe ya makaburi ya wafalme, huko nyikani kaskazini, karne nyingi kabla. Akajiuliza, limefikaje kwa muuza vitunguu? Basi akapotea humo maisha yake yote.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi nilipoanza kumsikia akilieleza, na namna yake ya kueleza ilikuwa kama anasengenya watu wa jirani. "Watu wanadhani ni neno la Waturuki," alikuwa akisema, akishusha sauti. "Hata. Waturuki wamelikuta. Kabla yao kulikuwa na wafugaji wengine, wao ndo wakimwita mkubwa wao khaghan, na makarani wa Kichina wakaandika vile walivyosikia. Na hao nao wamelitoa wapi? Kiza. Yupo anaesema ni Kichina, yupo anaesema ni Kiajemi cha kale, yupo anaesema ni la watu waliokufa wasiache hata kitabu kimoja. Kila mmoja ana hakika, na hakuna anaejua."

Kuhusu khatun alikuwa na furaha zaidi, kwa sababu wataalamu wengi waliona neno hilo limetoka kwa wafanyabiashara wa pande za Samarkand, ambao kwao lilikuwa na maana ya bibi wa bwana, mwenye nyumba. "Yaani malkia wa nyika nzima kaazima jina lake sokoni!" Hapo alikuwa akipiga paja. Na mwisho wa safari ya neno hilo ulimfurahisha kuliko mwanzo wake. Alipokwenda Istanbul mara moja tu katika maisha yake, watu walitegemea arudi na habari za misikiti. Alirudi na habari za choo cha uwanja wa ndege, ambapo juu ya mlango wa wanawake aliliona neno lile lile, limekwisha kulegezwa na ndimi za watu, lina maana ya mwanamke tu, mwanamke yeyote. Alisimama pale anacheka mpaka mlinzi akamwendea.

Utafiti wake ulikuwa wa karatasi. Kila mwaka ulipomalizika alikusanya kalenda za ukutani za majirani, akazikata kila ukurasa vipande vinne, na kwa nyuma, palipo peupe, akaandika mashahidi wake. Kila kipande kilikuwa na mistari mitatu: nani kasema, wapi, alitaka nini. Huo mstari wa tatu ulikuwa wake peke yake. Wataalamu waliokuja kumwona kutoka vyuo vya nje waliuliza kwa nini, na mara mbili niliwasikia wakibishana naye sebuleni mpaka chai ikapoa. Yeye alishikilia kwamba cheo hakina maana mpaka umjue anayekitamka anataka nini kwa anayemwita. Mshairi anayemwita mtawala khan anataka zawadi. Mtawala anayejiita khan wa makhan ana jirani anayemsumbua.

Mashahidi wake hawakuwa wa vitabuni tu. Muscat imejaa akina Khan, na Mwalimu hakumwacha hata mmoja apite. Fundi wa matairi, mshona nguo, dereva wa gari la maji, akishasikia jina tu huuliza, "Ufalme wako uko wapi?" Wengi walicheka kwa adabu. Muoka mikate wa mtaa wetu, naye Khan, Mpathani wa milimani mwenye ndevu nyekundu za hina, hakucheka. Alielekeza kijiti chake kwenye tanuri na kusema kwa Kiarabu chake cha kazini, "Huu hapa. Wewe njoo alfajiri, utaona watu wote wanasimama mbele yangu na njaa." Mwalimu alirudi nyumbani mbio kuandika.

Mara nyingine ilikuwa ni mimi niliyemwendesha. Meli kubwa za watalii zilipoanza kuja Mutrah, katika Bandari ya Sultan Qaboos, alijua kwamba humo ndani wamo Waturuki. Basi siku za mapumziko yangu alikuwa akinipigia simu: "Bi mdogo, una gari?" Tunakwenda, anasimama karibu na geti kavaa dishdasha safi na kofia, anatega masikio. Nilikuwa naona haya, nikimsubiri ndani ya gari na kiyoyozi kimewashwa. Siku moja alimpata mwanamke mnene mwenye kofia ya ukili, akamsemesha kwa Kituruki chake kilichochanganyika na Kiuzbeki, na yule mama akacheka mpaka akamshika bega. Alipoingia garini uso ulikuwa unang'aa.

"Kasema nini?" nikamuuliza.

"Kasema kwao kijijini mume akimwita mkewe khatun, basi anataka chai."

Akaandika pale pale, karatasi juu ya goti. Nani: mama wa melini. Wapi: Mutrah. Alitaka nini: chai.

Mkewe, Mungu amrehemu, mwanamke wa Malindi ya Unguja mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akimlalamikia mbele yetu. "Umekaa na makhatun wa watu miaka arubaini. Mie huniiti hata siku moja."

"Nikikwita utauliza nnataka nini."

"Na wewe kwani hutaki kitu?"

Alikuwa akitaka. Alitaka halwa. Alikuwa na sukari, na mimi, niliyesomea ufamasia kwa kutiwa moyo na yeye mwenyewe, ndiye niliyempimia. Ananitazama usoni na kuniapia kwamba hajala kitu kitamu tangu Idi, na kumbe halwa iko kwenye droo, chini ya mashahidi wake. Karata alikuwa akiiba waziwazi. Mgeni akileta chakula kibaya alikuwa akikisifu mpaka mgeni akaleta tena. Na huyu aliyekataa kuitwa Daktari, aliyekataa kuitwa Shekhe, alikasirika siku tatu nzima kwa sababu kwenye harusi moja alikalishwa karibu na mlango, penye viatu. "Si kiti," alisema, "ni namna walivyonionesha." Mkewe alimwambia, "Haya kaandike, nani kakuonesha, wapi, alitaka nini." Hakuandika.

Nayasema haya ili mjue kwamba nilipokwenda kumwomba, sikumwendea malaika. Nilimwendea mtu ninayejua kwamba uongo anauweza.

Kijana aliyeniposa alikuwa mhandisi, mtaratibu, mcheshi, tulijuana hospitali aliyokuwa akija kumwuguza mama yake. Mama yake alinipenda. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo neno lilikuwa la ami, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mtu wa bara ya huku Uarabuni, wa ukoo unaohesabu babu zake mpaka unachoka kusikiliza. Ami alikuja kwetu mara moja, akanywa kahawa, akatazama kuta, akauliza habari za watu wetu wa kikeni. Kwa heshima tu. Alitaka kujua kama sisi ni kufu yao, sawa nao kwa nasaba.

Mama yangu alikuwa akilingojea swali hilo maisha yake yote. Sisi upande wa baba hatuna shida, shida ni bibi mzaa bibi yake mama, aliyekuwa Unguja katika nyumba ya watu wakubwa. Kwetu ilikuwa ikisemwa kwamba alikuwa Mturuki, kaletwa kutoka Istanbul kwa heshima zake. Mama alikuwa na ushahidi: hati ya shamba la mikarafuu, ya zamani sana, aliyoivusha bahari ndani ya mkoba wa ngozi pamoja na pasi zetu. Shamba lilikwenda na mapinduzi, hati ilibaki. Ndani yake jina la mwenye shamba limeandikwa kwa wino mweusi: Khatun binti Abdallah.

"Khatun," Mama alimwambia ami, kifua mbele. "Jina lenyewe linasema. Malkia."

Ami akasema mashallah. Kisha akasema yeye si mjuzi wa mambo ya Waturuki, lakini amesikia hapa mtaani kuna mtu anayeyajua, na kama mtu huyo ataandika mistari miwili juu ya jina hilo na kutia saini, moyo wake utatulia na mambo yatakwenda. Mama alifurahi kupita kiasi. Mwalimu! Mwalimu aliyekula kwetu wali wa Ijumaa miaka ishirini!

Nilikwenda mwenyewe, baada ya sala ya alasiri, na hati mkononi. Alikuwa barazani anakata kalenda. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba nampenda yule mtu, jambo ambalo hata Mama sikuwahi kumwambia kwa neno hilo. Alisikiliza, akaifungua hati, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akarudi juu tena. Halafu, kwa mazoea tu nafikiri, mkono wake ukachukua kipande cha karatasi na kuanza kuandika.

"Usiniandike mie!" nikamwambia, na nikamnyang'anya kalamu.

"Samahani, mwanangu." Aliona haya kweli. Akakiweka kipande pembeni. "Ya'ni, unataka niseme nini?"

"Useme Khatun ni cheo cha malkia. Basi. Hiyo si kweli?"

"Kweli."

"Basi andika hiyo."

"Nikiandika hiyo peke yake, atakaeisoma atafahamu kwamba bibi yenu alikuwa binti wa wakubwa."

"Atakavyofahamu si juu yako."

"Ni juu yangu. Ndo maana kataka mie nitie saini." Akaigeuza hati akanielekezea. "Umeshawahi kujiuliza huyu Abdallah nani?"

"Mama anasema alikuwa pasha."

Alipapasa ukingo wa ile karatasi. Kisha alinieleza taratibu, kwa sauti ya chini kwa sababu madirisha yetu yalikuwa wazi. Zamani mtu akiletwa kutoka mbali, kauzwa mkono kwa mkono mpaka jina la baba yake limepotea, akisilimu au akiachwa huru aliandikwa mtoto wa Abdallah, kwa maana Abdallah ni mja wa Mungu, na kila mtu ni mtoto wa mja wa Mungu. Makarani wa mahakama wote walilijua hilo. Na majina mazuri mazuri, ya malkia, ya lulu, ya maua, ndiyo waliyopenda kuwapa wajakazi wao wenye nyumba. Huenda alikuwa wa nchi za Waturuki, huenda wa Habasha, huenda wa bara. Hati haikusema. Ilichosema hati, kwa anayejua kuisoma, ni kwamba aliachwa huru na akapewa shamba.

"Mie nnaona ni mtu mkubwa sana huyu," alisema. "Kaja hana baba, kafa ana shamba lake kwa jina lake. Malkia gani wa nyikani kafanya hivo?"

Pengine maneno hayo yalikuwa mazuri. Mimi siku ile nilitaka mume.

"Mwalimu, unamdanganya mkeo kwa halwa kila siku ya Mungu. Mie unanikatalia sentensi moja?"

"Ya halwa ni ya kwangu, yatanidhuru mie. Hili ni la watu. Watakuja kuoana wajukuu juu yake."

"Basi ni heri nisiolewe?"

Aliandika mistari mitatu kwa Kiarabu chake kizuri, akanipa bila kuitia kwenye bahasha, ili nijue anachokisema. Kwamba Khatun ni cheo cha malkia kwa Waturuki wa kale, na asili yake hasa haijulikani. Kwamba kwa karne nyingi sasa wameitwa hivyo wanawake wa kila daraja, walio huru na wasio huru. Kwamba jina peke yake halithibitishi nasaba ya mtu. La Abdallah hakuliandika, alituachia sisi. Nilimwambia neno moja ambalo silirudii hapa, nikavuka njia nikarudi nyumbani.

Mama alilia, kisha akasema sisi si waongo, karatasi tumeahidi na karatasi itakwenda. Ikaenda. Siku ya nane ukaja ujumbe wa kwamba nasibu haikuandikwa. Kijana mwenyewe alinitumia maneno kwenye simu, mistari minne, ya mwisho ikiwa dua. Mwaka uliofuata alioa kwao.

Nilimchukia Mwalimu. Nalisema wazi kwa sababu nikisema nilivunjika moyo itakuwa nampamba. Kijana sikumchukia, ami sikumchukia, maana hao walikuwa watu kama watu. Yule aliyenijua tangu nina miaka kumi ndiye aliyenichoma. Salamu nilikuwa nikimwitikia, kwa sababu salamu ni ya Mungu, lakini hapo hapo nageuka. Na Ramadhani ilipofika nilifanya jambo ambalo mtu wa Unguja yeyote akilisikia atashika shavu. Kwetu, jirani akikuletea futari, sahani yake hairudi tupu hata kama utaweka tende tatu. Mwalimu alileta, kwanza mkewe, baadaye, mkewe alipokufa, alileta mwenyewe, akitembea polepole na sahani iliyofunikwa kawa mkononi. Mimi niliiosha sahani, nikaifuta, nikairudisha tupu. Kesho yake akaleta tena. Ramadhani kumi.

Hata mkewe alipokufa nilikwenda mazikoni nikakaa na wanawake, nikasoma, nikaondoka bila kumpa mkono wa pole. Nikikumbuka hilo naona haya mpaka leo.

Halafu miguu yake ikafa ganzi, na binti yake akaja akamchukua, akaenda kukaa kwake Madinat Sultan Qaboos. Nyumba ya mbele yetu ikapangishwa kwa wanafunzi. Nilijiambia nimepumzika. Lakini Ramadhani iliyofuata, ilipokaribia magharibi, nilijikuta nimesimama jikoni nasikiliza mlango.

Ni Mama aliyenitoa huko, bila kukusudia. Alasiri moja tulikuwa tunachambua mchicha, akaanza kuwasema watu wa ami, aliyekuwa amekufa wiki ile. "Allah amsamehe," akasema, "hata nakala yangu nzuri hakunirudishia."

"Nakala gani?"

"Ya hati. Si nilimpelekea siku zile za posa, kabla hata hajaja kwetu kuuliza? Nimeitia kwenye fremu ya dhahabu, nimeifukiza udi. Nilitaka aone kwa macho yake binti Abdallah, binti wa pasha."

Niliacha mchicha. Karani wa mahakama, miaka thelathini anaandika na kusoma hati za watu. Aliifungua ile fremu yenye harufu ya udi na akajua yote kwa kulitupia jicho lile jina la Abdallah, kabla hajamtaja Mwalimu. Hakuwa na swali lolote. Alichotaka ni kwamba jibu litoke katika kinywa cha mtu mwingine, ili asionekane yeye kuwavunjia heshima watu aliokunywa kahawa yao. Mama yangu, kwa fahari yake na udi wake, ndiye aliyempelekea. Nilimtazama akiendelea kutoa mabua, nikaona sina nguvu ya kumwambia. Mpaka leo hajui.

Kesho yake nilikwenda kumtafuta Mwalimu.

Binti yake alikuwa kazini. Alinifungulia dada anayemhudumia, mwanamke wa Morogoro, mchangamfu, kajifunga kanga kiunoni. "Karibu, dada. Babu yupo, leo kaamka vizuri. Ila usimpe kitu chochote cha sukari hata akikubembeleza, ni mjanja huyo mzee!"

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha, kapungua sana. Nilimwamkia shikamoo na nikaubusu mkono wake, jambo nililokuwa sijalifanya tangu siku ile, na hakuuondoa. Hakuuliza umekuja kwa nini, wala ulikuwa wapi. Alimwita dada, akamwambia amletee bahasha iliyo juu ya kabati.

"Nilikuwa nnakungoja," akaniambia. "Nilisema nikifa kabla hujaja, nimwachie binti yangu akuletee. Lakini bora mwenyewe. Soma."

Ilikuwa barua ya ukurasa mzima, kwa Kiarabu, mwandiko unatetemeka lakini mzuri bado. Inasema kwamba yeye, baada ya kuzidisha utafiti, amethibitisha kwamba Khatun aliyetajwa katika hati ile alikuwa binti wa nyumba tukufu ya Waturuki, kwamba cheo chake kilikuwa cha kuzaliwa, na kwamba barua yake ya kwanza ilikuwa na makosa. Chini ametia saini. Tarehe ilikuwa ya mwaka ule ule wa posa yangu.

"Tarehe nimeirudisha nyuma," akasema, "ifae."

Hakuna neno hata moja la kweli mle ndani, na kila neno aliliandika kwa mkono ambao hata kikombe ulikuwa haukishiki sawasawa. Nilikaa nimeishika. Miaka yote ile nilikuwa nikiitamani karatasi hiyo, nikiiota, na sasa imefika nikaona siwezi kuivumilia.

"Mwalimu, ami amekufa."

"Nimesikia. Wapo ndugu zake."

"Na mtu mwenyewe ana watoto wanne."

"Atakuja mwengine. Karatasi haiozi."

"Nna miaka arubaini na mbili."

"Basi?" akasema, kwa ukali kidogo, kama zamani.

Nikamweleza habari ya nakala. Nilimweleza fremu, udi, ami, kila kitu, na kwamba barua yake haikuvunja chochote, ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla hajaichukua kalamu. Nikamwambia nimemkosea, kwa maneno hayo hayo, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Alisikiliza akitazama dirishani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kumbe alijua kabla yangu."

"Alijua."

"Na mie kila siku nnajiambia nimemnyima mtoto maisha yake kwa ajili ya mistari mitatu." Akavuta pumzi. "Hata hivo chukua. Nishaandika. Huwezi kujua, huenda ikakufaa."

Nilimtazama. Alikuwa ameukaza mkono wake juu ya goti, na alikuwa haitazami ile karatasi. Nikaichana katikati, nikazigandamanisha nusu zile nikazichana tena, nikaogopa nimemuumiza, mzee wa watu, amehangaika nayo siku ngapi. Dada wa Morogoro alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, kinywa wazi.

Mwalimu alifumba macho, mabega yake yakashuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nnaogopa utaichukua."